Bafta kwenye Mdomo wa Eksozi

Mwezi uliopita nilipita kwenye gereji moja hapa Mbeya nikamkuta fundi amekalia kopo, kipande cha eksozi ya lori kiko katikati ya miguu yake, anakipiga patasi. Ndani ya kile kipande kulikuwa na kitu mfano wa sega la nyuki, cha udongo uliochomwa, chenye vitundu vingi vidogo. Ni chujio la masizi la malori ya siku hizi. Vitundu vimezibwa upande mmoja, kwa hiyo moshi unalazimika kupenya kwenye kuta zake, masizi yanabaki ndani. Yakijaa, injini inaongeza joto kwenye bomba na kuyachoma yakawa majivu. Fundi alikuwa anakibomoa chote. Akakikung'uta chini, akasema mkebe mtupu ataurudisha na kuuchomelea ili kwa nje uonekane mzima. Nikamuuliza, na kompyuta ya gari je? Akacheka.

"Bibi, ile tunaidanganya tu. Inaambiwa moshi ni safi, inaamini."

Nikamwambia anafanya ujinga. Akaniuliza mimi najua nini kuhusu eksozi. Niliondoka bila kumjibu, kwa sababu ninalolijua kuhusu eksozi nilikuwa sijamwambia mtu.

Miaka ya sabini, lami ya kwenda Zambia ikiwa bado mpya, niliajiriwa kwenye karakana ya kampuni ya malori hapa hapa mjini. Kwetu ni upande wa Tukuyu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, mwanamke pekee kati ya mafundi wote, nikawekwa kwenye chumba cha pampu. Chumba kilipakwa chokaa na mlango wake ulifungwa muda wote, kwa kuwa punje moja ya mchanga inatosha kuiua pampu ya dizeli. Humo nilipima pampu na nozeli. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu kubwa, nozeli inayapuliza ndani ya silinda yakiwa ukungu. Ukungu ukiwa mwembamba na hewa ikitosha, mafuta yanaungua yote na bomba linatoa hewa usiyoiona. Nozeli ikitema matone, au hewa ikipungua, mafuta yanaungua nusu, na hiyo nusu nyingine inatoka nje ikiwa masizi.

Mkuu wa karakana alikuwa mzee wa Iringa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, mwenye mikono misafi kupita kazi aliyoifanya. Ndiye aliyenifundisha kuusoma moshi. Mweusi: mafuta yamezidi au hewa imepungua. Mweupe: mafuta hayajaungua kabisa, injini ina baridi au yanapulizwa wakati usio wake. Wa buluu: injini inakula oili, iandikie barua ya kustaafu. Alinifundisha pia kwamba Mbeya iko juu na hewa yake ni nyepesi, hivyo pampu iliyopimwa Dar es Salaam ikifika huku itatoa moshi mweusi hata dereva akiwa malaika. Kila pampu iliyoingia nilikuwa naipunguzia mafuta, nafunga skrubu yake kwa waya na kuugonga sili, muhuri wa madini ya risasi, ili dereva asije akaifungua njiani. Maana madereva wetu waliamini moshi mweusi ndiyo nguvu. Lori lililopanda mlima bila moshi walilidharau.

Alifundisha kwa ukali usio na sababu. Nikikosea alimwaga vipande vya nozeli sakafuni, mbele ya mafundi, akasema, "Okota, binti. Osha. Anza upya." Sitamsingizia kwamba ndiye aliyenifanya niwe nilivyokuwa. Roho yangu nilikuja nayo kutoka nyumbani. Yeye alinipa tu mahali pa kuitumia.

Mahali penyewe palikuwa uwanjani, kila Jumamosi asubuhi. Mzee alikuwa na sanduku la bati lililojaa vipande vya bafta, kitambaa chepesi cheupe cha pamba, vyote vya kipimo kimoja, kila kimoja kimetariziwa namba ya gari kwa uzi mwekundu. Lori lililokuwepo siku hiyo lilisogezwa mbele, mimi nikafunga bafta yake kwenye mdomo wa bomba la moshi kwa waya, dereva akaambiwa akanyage mafuta mpaka chini mara tatu. Kisha nilikifungua kitambaa na kukiinua juu. Kikiwa cheupe au kijivu, dereva alikwenda kunywa chai. Kikiwa cheusi, nilikibana mgongoni mwake kwa pini, na ilikuwa lazima azunguke nacho hadi saa ya kutoka kazini, kantini kote, hadi getini, mbele ya akina mama wauza ndizi. Jioni alikwenda nacho nyumbani kwa mkewe kikafuliwe, kwa kuwa Jumatatu kilitakiwa kiwe kimerudi sandukuni cheupe. Sabuni enzi hizo ilikuwa ya kutafutwa. Vitambaa vyeusi vitatu mfululizo, dereva ananyang'anywa gari na kupewa ufagio wa uwanja.

Nilizipenda Jumamosi zile. Nisiseme uongo, nilizisubiri wiki nzima. Madereva walikuwa wakubwa wa mji, wana pesa za njiani, wana wanawake Tunduma na Chimala, na mimi niliyekuwa naitwa "ka-dada ka pampu" nilikuwa nawabana pini mgongoni. Wengine niliwabana mpaka kwenye ngozi, nikasema samahani.

Kulikuwa na dereva mmoja, Mhehe wa upande wa Mafinga, mtu wa miaka kama arobaini, mrefu, mtaratibu. Siku ya kwanza niliyopima pampu ya lori lake alisimama mlangoni akasema kwa sauti, ili wenzake wasikie, kwamba pampu ikishikwa na mwanamke gari litapanda mlima kwa kubembelezwa. Walicheka. Kwa miezi mingi nikipita kantini nilisikia, "Huyo, mbembelezaji." Yeye mwenyewe nadhani alisahau siku ile ile. Mimi sikusahau. Nilikuwa hata simwamkii, mtu aliyenizidi umri kwa mbali.

Alikuwa anafanya njia ya Chunya, hadi Makongolosi, kubeba tumbaku. Mwezi wa tano mvua zikikata, vumbi la njia ile linakuwa la kuchota kwa mikono. Jumamosi moja ya mwezi huo bafta yake ikatoka nyeusi. Mzee akasema amefungua sili. Mimi ndiye niliyeigonga ile sili, na nilikuwa nimeikagua asubuhi ile. Fundo langu lilikuwa vile vile nilivyoliacha. Mzee hakuniuliza, nami sikusema. Nikambana kitambaa mgongoni.

Jumatatu aliyekirudisha alikuwa mkewe. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akachuchumaa kidogo akanisalimia, "Kamwene, dada." Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa magadi. Sabuni alikuwa hana, alikifua kwa magadi na kukianika kwenye majani siku nzima ya Jumapili. Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni kulikuwa na doa la kijivu, dogo, la ukubwa wa ukucha. Kwenye sanduku kulikuwa na vitambaa vyenye madoa makubwa kuliko lile.

"Rudia," nikamwambia.

Alikiangalia, akaniangalia, kisha akacheka kwa aibu, akakikunja. "Haya dada. Kweli macho yako yanaona." Akarudi nacho nyumbani kwa miguu, na kutoka kwao ni mwendo wa saa nzima. Jioni alikileta tena. Safari hii sikukitazama, nilikitupa sandukuni.

Wiki ya pili bafta ikatoka nyeusi tena. Ilibaki moja. Jioni hiyo yule dereva alikuja chumba cha pampu, akasimama nje ya kizingiti kwa kuwa ndani hawaruhusiwi, kofia mkononi, kitambaa bado kiko mgongoni. Mtu aliyeshika usukani miaka kumi na kitu alikuwa anakaribia kupewa ufagio, na alikuwa na watoto watano na mama mzee.

"Dada, naomba unisaidie. Mimi sili sijafungua. Si umeiona mwenyewe?"

"Nimeiona."

"Sasa hii moshi inatoka wapi? Gari haina nguvu, moshi tu. Kama kuna kitu nakosea uniambie, mimi sijasoma mambo ya pampu."

Nilikuwa najua. Niliijua sababu tangu wiki ya kwanza. Lori la aina ile linavuta hewa kupitia chujio lenye bakuli la oili chini yake. Vumbi linanasa kwenye oili, hewa safi inapanda kwenda kwenye injini. Kwenye lami oili hiyo inakaa miezi. Kwenye vumbi la Chunya inageuka tope kwa safari mbili, hewa haipiti, na injini inapewa mafuta yale yale bila hewa ya kuyaunguza. Kulisafisha ni jukumu la dereva, lakini yule alikuwa amehamishiwa njia ya Chunya kutoka njia ya lami, na hakuna aliyemwambia. Ilikuwa kazi ya robo saa. Unafungua bakuli, unamwaga tope, unaosha kwa dizeli, unatia oili mpya, umemaliza. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole bila hata kuinuka kwenye stuli.

Nikamwambia, "Mzee anapima mdomo wa bomba tu. Tafuta namna moshi usifike pale."

"Usifike kabisa?"

"Gari si unajua kulibembeleza wewe? Libembeleze."

Alisimama akifikiri. Nilingoja akasirike. Badala yake akasema, "Asante, dada. Nimeelewa," akavaa kofia akaenda zake. Nilicheka peke yangu, nikafunga chumba.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa. Kila mtu alijua ni kitambaa chake cha tatu, na watu wetu hawakosi kuja kumwona mwenzao akivuliwa cheo. Nikafunga bafta, akakanyaga mafuta mara tatu. Injini ilinguruma vibaya, kwa sauti pana isiyo ya kawaida, na mimi niliyekuwa nimepiga goti nyuma nikaona moshi unatambaa chini ya kabini, mbali kabisa na nilipokuwa na mbali na macho ya watu waliokikodolea kitambaa. Nikakifungua kitambaa. Cheupe. Hata kijivu hakuna.

Mzee alikitazama muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, alimpa mkono. Akawageukia wengine akasema mnaona, mtu akitaka anaweza, na palepale akatangaza kwamba yule anatoka kwenye vumbi, kuanzia Jumatatu anafanya njia ya Iringa. Njia ya Iringa ilikuwa ndoto ya kila dereva. Ni lami mwanzo hadi mwisho, na kwa huyu ilikuwa inapita mlangoni kwao.

Watu walipotawanyika niliinama chini ya lori. Alikuwa amekwenda kwa fundi wa kuchomelea kule Mwanjelwa akakata tundu kwenye bomba, pana la kuingia ngumi, kabla moshi haujafika kwenye sailensa. Tundu lilikuwa chini kabisa ya kabini. Juu yake kulikuwa na sakafu ya bati yenye matundu ya pedeli, na ule mpira wa kuyaziba ulikuwa umechakaa zamani. Moshi mzito mweusi wa gari lisilopata hewa ulikuwa unatokea pale, chini ya miguu ya dereva.

Nilijua maana yake. Hakuna mtu wa nyanda hizi asiyejua. Kila mwaka wakati wa baridi utasikia familia imeingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Kinachoua hakina rangi wala harufu, na kinatoka kwenye kitu chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha. Injini ya dizeli iliyo nzima inatoa kidogo sana. Ile haikuwa nzima, na mimi ndiye niliyejua kwa nini.

Sikusema. Sababu yake ni mbaya kuliko woga. Mwisho wa mwezi wa saba wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja kukagua karakana, na nilipanga siku hiyo niombe ruhusa, niwaongoze wote hadi chini ya lori lile, niwaonyeshe tundu. Ningemwangusha dereva na Mzee kwa siku moja, wa kwanza kwa udanganyifu, wa pili kwa kudanganywa miezi na kitambaa chake. Nilikuwa nimeshayapanga mpaka maneno. Ilibidi tu tundu liwepo hadi siku hiyo.

Kwa hiyo kila Jumamosi nilifunga bafta, nikaifungua nyeupe, nikamwonyesha Mzee. Yule dereva alikuwa amebadilika, akinipita lazima asimame anisalimie. Siku moja aliniambia, "Dada, umeniokoa wewe. Na tena kabini imekuwa na joto, Makambako ile baridi yote mimi sina hata blanketi. Mke wangu siku hizi nasafiri naye, anakwenda kumwona mama yake." Kisha akaongeza, "Ila kichwa kinanigonga sana nikifika Makambako. Nikishuka kinaacha. Yeye anatapika kabisa. Labda ni malaria."

"Labda," nikasema.

"Anakusukia kikapu. Cha milulu, kile cha nyasi za kwao chenye rangi. Anasema wewe umempumzisha kufua."

Nilirudi chumbani kwangu nikapima nozeli nne. Nakumbuka zilikuwa nne, na zote zilikuwa nzuri.

Wiki mbili kabla ya wakubwa kuja, lori la mtu mwingine lilianguka na kuziba barabara kabla ya kufika Mafinga. Ilikuwa mchana, kwenye ule ukungu wa mwezi wa saba ambao unanyesha bila kuwa mvua. Magari yakapanga foleni. Betri ya lori lake ilikuwa mbovu, akizima haliwaki tena mpaka lisukumwe, kwa hiyo aliacha injini ikinguruma na kuweka jiwe juu ya pedeli ya mafuta ili isije ikazimika yenyewe kwa baridi. Akamwambia mkewe apandishe vioo asipate kikohozi. Akashuka kwenda kusaidia wenzake kupakua mzigo wa lori lililoanguka. Walifanya kazi hiyo kama saa mbili. Aliporudi alimkuta mkewe ameegemea mlango, kikapu mapajani, ncha ya unyasi bado iko kati ya vidole. Alidhani amelala. Alimfunika kwa koti, akaendesha hadi kwa wakwe zake Mafinga, na mama mkwe wake, aliyefungua mlango wa lori kumpokea bintiye, ndiye aliyegundua kwamba amekufa.

Hayo aliyasimulia mwenyewe, kwa utaratibu ule ule, wala hakulia. Kilio kilikuwa cha wengine, na cha wengine kilikuwa cha maneno. Mjini walisema amemtoa mke kafara. Njia ya Iringa hawapewi watu hivi hivi, walisema, kitambaa cheusi mara mbili halafu ghafla cheupe, nani hajui inavyokuwa. Kantini hakuna aliyekaa naye meza moja. Nilikuwa nakula meza ya pili na nilisikia kila kitu.

Polisi walilileta lori, wakaandika ajali, wakaondoka. Mzee ndiye hakuridhika. Alivua saa, akalala chali juu ya gunia, akaingia chini ya kabini, na tuliona miguu yake imetulia muda mrefu. Alipotoka mikono yake ilikuwa myeusi na hakuomba maji. Alikwenda mbele, akafungua bakuli la chujio la hewa, akaligeuza. Lile tope halikumwagika, lilidondoka zima, likabaki chini na umbo la bakuli.

Akamwita dereva, akaniita na mimi, chumba cha pampu, akafunga mlango.

"Nani alikufundisha kukata bomba?"

Dereva alinitazama. Hakuwa na hasira, ningeapa hilo popote. Alinitazama kwa kuomba, alivyonitazama siku ile ya kofia mkononi.

"Dada hapa alinisaidia," akasema. "Aliniambia nitafute namna moshi usifike kwenye kitambaa."

Mzee akanigeukia. "Ulimwambia?"

"Hapana, Mzee."

"Hukumwambia kitu?"

"Alikuja kuniuliza, nikamwambia asafishe chujio la hewa. Inaonekana hakufanya."

Nililisema vizuri, bila kupepesa. Mzee aliangalia ile stuli yangu, sanduku langu la sili, kisha akaniangalia mimi, na nadhani alijua. Ila yote yalianzia kwenye sanduku lake la bafta, na kujua kwake kungemfikisha huko. Hakuuliza tena. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inamcheza. Nilimwona anaitafuta siku ile kichwani mwake, anarudia neno moja moja, na nikaona kabisa mahali alipoanza kujishuku mwenyewe.

"Chujio la hewa," akasema polepole. "Labda alisema. Labda mimi ndiye sikuelewa."

Wakubwa walikuja mwisho wa mwezi, wakaona karakana safi, wakala pilau, wakaondoka. Mimi sikuomba ruhusa ya kusema. Sanduku la bafta lilikuwa limefungwa kufuli na Jumamosi ikawa siku kama nyingine. Mzee aliweka amri mpya: lori likitoa moshi mweusi, kitu cha kwanza kufunguliwa ni chujio la hewa, na fundi alifungue pamoja na dereva. Malori ya Chunya yakaacha kufuka. Ilikuwa rahisi hivyo, na iliendelea kuwa rahisi kwa miaka yote niliyofanya kazi pale.

Yule dereva hawakumfukuza. Walimpa ufagio wa uwanja. Alifagia kuanzia getini hadi kwenye mlango wangu, kila asubuhi, na akifika mlangoni alifagia kuelekea nje ili vumbi lisiingie kwenye pampu. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Baada ya arobaini alikuja na kitu kimefungwa kwenye kanga. Alisimama nje ya kizingiti, pale pale pa siku zote. Alikifungua. Kilikuwa kikapu cha milulu, kimesukwa hadi karibu na mdomo, chenye mistari ya zambarau, hakina mikono, na nyasi za juu zimeachwa zikisimama ovyo.

"Alikuwa anakusukia," akasema. "Mama yake alitaka kumalizia, nikakataa. Uchukue hivyo hivyo."

Nilikipokea kwa mikono miwili.

Hakuondoka. Aliiweka ile kanga begani, akainama kuokota ufagio, akasimama nao.

"Na kitu kingine, dada. Siku ile mbele ya Mzee nilikusingizia. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nimefikiri sana, wewe uliniambia chujio la hewa, mimi nikasikia ninavyotaka. Mke wangu nimemuua mwenyewe. Nimekuja kuomba msamaha."

Nje walikuwa wanajaribu injini ya lori moja, inapanda na kushuka. Haikutoa moshi hata kidogo. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema, maana walijaribu injini ile muda mrefu, naye alingoja mpaka ikanyamaza, akidhani nasubiri kelele ziishe.

"Yamekwisha, kaka," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Alishukuru, akaendelea kufagia.